Tuisheni ya neva pale Michenzani, nimekaa wiki sita

Watu wengi wananiuliza kuhusu ile tuisheni ya usiku ya pale Michenzani, ya mambo ya ubongo na neva, wanataka kujua inafaa au ni kupoteza pesa, na mie nishajibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, sasa naandika mara moja kwa wote. Inafaa. Inafaa sana khasa kwa sisi wa unesi na ukunga, lakini si kwa kila mtu, na huko chini nitasema nani asende.

Mie ni mkunga, kwetu Wete, nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka minane kabla sijavuka kuja Unguja kujiendeleza, kwa hivo haya naandika kama mtu aliyeshika watoto wachanga kwa mikono yake.

Mambo ya kawaida tuyamalize kwanza. Ni chumba kimoja cha chini karibu na yale majumba marefu, viti vya plastiki kama ishirini, feni moja ya juu na ubao mweupe. Jumatatu na Alkhamis baada ya Isha, masaa mawili, ukilipa kwa usiku ni elfu tano, ukilipa mwezi mzima elfu thelathini. Wanawake tunakaa upande wa mlangoni, na ukiwa na mtoto unakuja nae hakuna wa kukukunjia uso. Umeme ukikatika darsa haliahirishwi, watu wanawasha tochi za simu wanaziegemeza kwenye chupa za maji na Maalim anaendelea. Nje barazani kuna mzee wa kahawa na kashata. Basi, hayo yametosha.

Kabla ya hapa nilijiunga na sehemu nyengine, jina siliweki, tukapewa makaratasi ya fotokopi ya zile kemikali ambazo neva zinapelekeana habari, yameandikwa glutameti inaamsha, gaba inazuia, glisini inazuia, kariri, twende mbele. Nikakariri. Nikafaulu na mtihani. Na wallahi ukiniuliza wakati ule gaba ikishazuia inakwenda wapi, nisingekuwa na la kusema, mana hata halijanipitia kichwani kuwa ni suala la kuulizwa.

Huyu Maalim ameanza na suala hilo hilo. Usiku wa kwanza hakugusa ubao kabisa, alikuja na bao. Bao la kete hili hili tunalolijua, la mninga, akaliweka juu ya meza akatwambia sogeeni. Safu mbili za juu akasema ni nje ya seli, mbili za chini ni ndani ya seli. Akamwaga komwe nyingi juu, hizo ndo sodiamu, chini akaweka mbili tatu tu. Kunde ni kloraidi, akaziweka nyingi juu. Halafu akatoa punje moja ya mahindi mfukoni, akaishika baina ya vidole viwili akaionyesha kwa kila mtu, akasema hii ndo gaba, imeshafanya kazi yake ya kutuliza seli ya pili, sasa ipo njiani baina ya seli mbili imezubaa, nani anaiondoa?

Kimya.

Akasema hamali. Sasa mie nimekulia karibu na bandari, hamali namjua, na nikaona hapa kuna mtu anasema na mimi. Vile vitu ambavyo vitabu vinaviita transpota, yeye anaviita mahamali mwanzo mpaka mwisho, na hamali hanyanyui mzigo bila ya ujira. Ujira wake ni sodiamu. Sodiamu imejaa nje, ndani ni chache, kwa hivo inataka kuingia kama maji yanavyotaka kuteremka, na hamali anaitumia nguvu hiyo hiyo kuibeba gaba kuirudisha ndani. Akachukua komwe mbili, kunde moja, na ile punje ya mahindi, akazishika zote pamoja kwenye kiganja akazishusha kwa mpigo safu ya chini. Huyo hamali anaitwa GAT-1. Sodiamu mbili, kloraidi moja, gaba moja. Kisha kila mmoja wetu akaitwa aje afanye kwa mkono wake. Mtu mzima na shungi langu nacheza bao la sodiamu, na mpaka leo ile hesabu haijanitoka.

Alitupa na historia kidogo, sio nyingi. Kwamba gaba ilionekana ndani ya ubongo mwaka 1950, Eugene Roberts upande wake na Jorge Awapara upande wake, huko Marekani, na kwa miaka hakuna aliyejua inafanya nini mle, mpaka 1957 ndo ikabainika kuwa ndo ile dawa ya kuzuia ambayo Ernst Florey alikuwa akiitafuta kwenye ubongo wa ng'ombe. Na kwamba jeni ya GAT-1 ilisomwa mwaka 1990. Yaani mie nishazaliwa! Nilidhani mambo haya yanajulikana tangu enzi za mabibi.

Usiku wa tatu ndo ulioniuza mie. Glisini. Kwenye uti wa mgongo na shina la ubongo, glisini ndo mtulizaji mkubwa, na ina mahamali wawili. GlyT1 anakaa zaidi kwenye zile seli za glia, wale wasaidizi wanaozunguka neva, kazi yake kusafisha njia. GlyT2 anakaa kwenye ncha ya neva yenyewe inayotoa glisini, kazi yake kurudisha mali ghalani. Maalim akapanga bao tena. GlyT1 akapewa komwe mbili kama GAT-1. GlyT2 akapewa tatu. Akauliza kwa nini huyu anataka ujira mkubwa kuliko mwenzake?

Tukakaa kimya muda, watu wanatazamana, halafu dada mmoja wa Makunduchi ambaye siku zote hasemi kitu akasema taratibu, "Maalim, kwa sababu ghala lake limeshajaa." Na ndivo hasa. Ndani ya ile ncha ya neva glisini imeshakuwa nyingi sana, kuisukuma nyengine iingie ni kama kupandisha gunia la karafuu kwenye stoo iliyofika dari, nguvu ya sodiamu mbili haitoshi, lazima ya tatu. Yule wa glia ghala lake halijai hivo, na mambo yakibadilika kidogo anaweza hata kuutoa mzigo nje. Hii mie sijawahi kuiona kwenye karatasi ya tuisheni yoyote. Maalim akamwambia yule dada, "Ahsante mwanangu, nimefundisha hili miaka, wachache wanaliona wenyewe." Darsa zima tukafurahi kama sote ndo tuliojibu.

Kuna na hamali mwengine, VIAAT, aliyejulikana mwaka 1997, huyu hayupo mlangoni bali ndani, anapakia kwenye vile vifuko vinavyosubiri kumwagwa. Yeye halipwi kwa sodiamu, analipwa kwa protoni, yaani haidrojeni yenye chaji. Na hachagui, gaba anapakia, glisini anapakia.

Sasa sifa kubwa ya tuisheni hii ni kuwa haiishii kwenye ubongo wa mtu mzima. Maalim anaanzia kwenye kiinitete, anataka ujue mahamali hawa wanaajiriwa lini, na ndo mana mkunga anafaidika kuliko mtu mwengine. Akatuletea chura. Sio chura wa hapa nyumbani, picha za yule chura wa makucha wa kusini mwa Afrika, Xenopus, ambaye mayai yake yanakua majini nje ya mama, unaona kila kitu kinavojikunja, neli ya neva, ile ambayo baadae ndo inakuwa ubongo na uti wa mgongo, inavofunga, na ukitaka kujua jeni ya hamali fulani imeamka wapi unaipaka rangi unaiona pale pale. Na hapa akasema jambo ambalo sisi wakunga tulipiga makofi: huyu chura ndo aliyekuwa kipimo cha mimba! Miaka ya 1930 Lancelot Hogben, alipokuwa Cape Town, alikuta kuwa chura jike wa aina hii akichomwa homoni anataga, na baadae wakawa wanamchoma mkojo wa mwanamke, akitaga basi mwanamke ana mimba. Ndo chanzo kikubwa cha chura huyu kujaa maabara duniani kote. Miaka minane nachovya vijiti kwenye vikopo vya mkojo sijui kama bibi wa kijiti hicho ni chura.

Halafu kiluwiluwi anavoogelea. Upande wa kushoto wa mwili ukikaza, wa kulia lazima ulegee, kisha zamu inageuka. Anayeulegeza upande wa pili ni glisini, kuna neva zinavuka katikati ya uti wa mgongo kazi yao ni kuunyamazisha upande wa ng'ambo. Maalim akawainua vijana wawili wakashika kanga huku na huku, akawaambia vuteni kwa zamu, kanga ikawa inakwenda inarudi vizuri. Vuteni pamoja, kanga ikakakamaa kati haisogei popote. Akasema wapo samaki wadogo wa milia wa maabara ambao kipokezi chao cha glisini, yaani pale kwenye seli inapopokelewa, kina hitilafu, ukiwagusa pande zote mbili zinakaza kwa wakati mmoja na mwili unafupika, mpaka wakapewa jina la bandonioni, ndugu yake kodiani. Kila aliyewahi kukaa mbele kwenye taarabu akaiona ile kodiani inavobanwa.

Nije kwenye panya sasa, na hapa nataka mtu asome polepole. Mwaka 2003 zilitoka habari za panya waliozaliwa bila ya GlyT1 na wengine bila ya GlyT2. Wote mahamali wa glisini, ungedhani matokeo ni mamoja. Sivo kabisa. Asiye na GlyT1 anakufa ndani ya siku ya kwanza, kwa sababu glisini haisafishwi, utulivu umezidi, mpaka pumzi inatulizwa. Asiye na GlyT2 anazaliwa hana kasoro unayoiona, ananyonya, halafu wiki ya pili anaanza kutetemeka na kukakamaa, mana ghala la glisini limemalizika na hakuna cha kutoa, akaguswa kidogo tu anashtuka mwili mzima. Nae anakufa. Mmoja amekufa kwa utulivu kuzidi, mwengine kwa utulivu kukosekana. Na asiye na VIAAT ndo kabisa, hafiki kuishi, anakuwa mkakamavu tumboni, kaakaa limepasuka na matumbo yametoka kitovuni. Nilipoona neno omfaloseli kwenye ubao, ndo huko kutoka matumbo kitovuni, nikaweka kalamu chini. Sisi tunaiona, tunaifunika kwa chachi yenye maji ya chumvi tunakimbiza rufaa. Maalim alisema wazi kuwa kwa binadamu sababu zake ni nyingi na hii ni habari ya panya, nami nakubali, lakini sikuwahi kufikiri kuwa neva na kitovu vina la kuambiana.

Halafu akasema kuwa mwaka 2006 watoto wa kibinadamu wenye hitilafu ya jeni ya GlyT2 wakapatikana. Ugonjwa unaitwa hipereksipleksia, ugonjwa wa kushtuka. Mtoto anazaliwa mgumu kama ubao, mlango ukigongwa anaruka mwili mzima, ukimgonga kidogo puani kwa kidole anashtuka kila mara bila kuzoea, na akikaza sana pumzi inaweza kukata. Na fahamu zake anazo.

Pale mie nililia, na sioni haya kuandika. Nilishawahi kumpokea mtoto wa namna hiyo. Zamani, usiku wa mvua, kila radi ikipiga yule mtoto anakakamaa na kuwa buluu, mama yake anamziba masikio kwa upindo wa kanga. Bibi yake akasema mchango, mwengine akasema shetani, sisi tukasema degedege, tukampa rufaa. Sisemi kuwa alikuwa na ugonjwa huu, hakupimwa na mie siwezi kupima kwa kumbukumbu. Ila siku ile mikono yangu ilikuwa mitupu. Maalim akanisubiri nikapangusa uso, akasema, "Bi Mkunga, njoo hapa mbele." Akaukunja mtandio wangu wa ziada ukawa mwili wa mtoto, kichwa, kifua, miguu, akanionyesha: akikaza na pumzi ikakata, unampeleka kichwa mbele na miguu kuelekea tumboni, unamkunja kwa nguvu ya kiasi, na mkazo unaachia. Mbinu ya Vigevano. Baadae ni hospitali na dawa, klonazepamu ndo inayotumika zaidi. Nikafanya mara tano, sita, mpaka akaniambia inatosha. Elfu tano ya usiku ule ningeambiwa nilipe laki ningelipa.

Pepopunda nayo akaipitia, na kwa mara ya kwanza nikaielewa: ile sumu inazuia vifuko vya glisini na gaba visimwagwe, hamali amepakia vizuri lakini mlango hafunguliwi. Kwa hivo mtoto wa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu anakakamaa kwa njia ile ile, breki hakuna. Miaka yote nimewachoma kina mama chanjo ya pepopunda nawaambia ni lazima, sasa nitawaambia na kwa nini.

Kasoro zipo na nitazisema.

Ya kwanza, anachelewa kuanza. Ikiandikwa saa mbili na nusu jua ni saa tatu kasoro, na kwa anaekwenda shamba baadae, gari za abiria zinakuwa shida.

Ya pili ni kubwa zaidi. Habari ya GAT-1 na kifafa aliipitisha kwa robo saa mwisho wa darsa watu wameshaanza kuvaa viatu. Mwaka 2015 ikaonekana kuwa jeni ya GAT-1 ikiwa na hitilafu mtoto anaweza kupata kifafa cha kuangushwa ghafla, misuli inashtuka kisha inalegea anaanguka chini, na mara nyingi akili nayo inachelewa kukua. Hilo lilistahiki usiku mzima, mana watoto wa kifafa tunao mitaani na wanafichwa. Nilimuuliza, kama hamali hayupo si gaba inabaki nyingi njiani, mtoto si angetulia zaidi, mbona anapata kifafa? Akasema suala zuri sana Bi Mkunga, tutarudi. Hatujarudi bado na mie nalisubiri.

Ya tatu, darsa la gaba ya kiinitete linachanganya na hana karatasi yake. Nilihudhuria mara mbili ndo nikaelewa. Kwa mtoto aliyemo tumboni gaba haitulizi, inaamsha. Gaba yenyewe ni ile ile, kinachobadilika ni kloraidi. Seli changa ina hamali NKCC1 anayeingiza kloraidi ndani mpaka inajaa, kwa hivo kipokezi cha gaba kikifunguka kloraidi inatoka badala ya kuingia, na seli inaamka. Baadae anakuja KCC2 anaitoa nje, na hapo ndo gaba inakuwa ya kutuliza. Kwa bao anaionyesha vizuri, lakini ukitoka nje ya mlango imeshakuchanganyikia, mwanafunzi anahitaji kitu mkononi. Na hili si la mtihani tu. Fenobarbitali tunayowapa watoto wachanga wenye degedege inafanya kazi kupitia kipokezi hicho hicho cha gaba, na utafiti wa Painter na wenzake wa mwaka 1999 ulikuta imedhibiti kwa asilimia 43 tu ya watoto. Huenda kloraidi ni sehemu ya sababu. Nimewahi kusimama juu ya kitanda cha mtoto nimeshampa dozi yote na bado anachezacheza mkono, nikajilaumu kuwa nimepima vibaya.

Nani asende? Anaetaka past pepa. Hapa hazipo, Maalim hazigusi, kuna kijana alikuja siku mbili akaona anapoteza muda akaondoka na sikumlaumu, mtihani wake ulikuwa wiki inayofuata. Ukiwa na mtihani karibu nenda kwengine kwanza urudi huku ukimaliza. Na anaetaka kukimbia silabasi nzima kwa mwezi pia asende, sie wiki sita tumezungumza mahamali tu.

Namba yake ya simu siiweki hapa, hapendi, ila ukifika pale jioni muulize mzee wa kahawa atakuonyesha mlango. Nenda na daftari la kurasa nyingi. Ukae karibu na meza, ukikaa nyuma bao hulioni.

Mie nimenunua komwe zangu pale Darajani, na kunde na mahindi nimetia kwenye kifuko kimoja. Likizo hii navuka kwenda Wete, na wenzangu wa zamu ya usiku nimeshawapigia simu: nipeni nusu saa, meza moja na kanga moja.